Nilivyoipata bugizi kwenye damu iliyosemwa haina kitu

Sisi tunaopima sumu kwenye damu ya maiti huambiwa "damu ikitoka safi andika safi ufunge faili", nami nimechoka kuskia hivyo. Wallahi huo ushauri ungenifanya niidhulumu familia ya watu.

Marehemu alikua kijana, mtaani wote wanasema kawekewa mchele, yaani dawa ya kumlewesha mtu, kwenye kinywaji. Maiti imekaa mochari siku kadhaa, stima inapotea kila saa, na joto la Mombasa mwalijua. Damu nikaletewa ya moyo tena kwa chupa ya kawaida, haina floridi ya kuhifadhi damu, na kibofu kikavu, mkojo hakuna. Kipimo cha haraka kikasema hakuna. Nikaenda mashine kubwa nikaitafuta flunitrazepamu, dawa ya usingizi, hiyo ndo bugizi yenyewe, molekuli ambayo mashine huisoma kwa uzito wa 314, laini kwenye mchoro imelala tu kama bahari imetulia. Siku mbili narudia, nabadilisha bafa ya pH 9, ile maji ya kutolea dawa kwenye damu, nashuku safu, ile mrija wa mashine, nashuku mikono yangu, na mkubwa wangu anapita "kijana, bado tu na hiyo?"

Usiku wa pili ndo ikanijia. Bakteria wa mwili unaooza huila ile sehemu ya nitro ya flunitrazepamu wakaigeuza dawa nyingine, 7-amino! Dawa ndugu zake, klonazepamu na nitrazepamu, pia ziko hivohivo. Kwa hivo mimi nilikua namtafuta mtu aliyeshabadili nguo. Floridi na baridi ndo huwachelewesha hao bakteria, na hiyo chupa haikua nayo.

Nikarudi mochari nikaomba damu ya paja, mshipa ufungwe juu kwanza ndo sindano iingie, kwa sababu mtu akifa dawa huvuja kutoka mapafu na ini ikajaa moyoni ukapata namba ya uongo. Na kipande cha ini nikachukua. Ile 7-amino safi ya kulinganishia inaagizwa nje, kachupa kadogo bei yake makumi ya maelfu, lakini bila hiyo huna la kusema mahakamani.

Molekuli ya 284, ndo hiyo 7-amino, ikavunjika kwa mashine ikatoa kipande cha 135, kilele kikasimama kwenye mchoro dakika ileile ya ile safi. Nikarudia mara tatu. Ya 314 bado hakuna hata chembe.

Ripoti sikuandika imemuua, hilo ni la daktari wa maiti na namba peke yake haitoshi. Nimeandika ilikuwemo. Faili iliyokua ifungwe imerudi kwa wapelelezi, na chupa za floridi na kulabox nazipeleka mochari mwenyewe sikuhizi.