Nilipoishia Dirapuk

Darchen, mji mdogo wa Tibet chini ya mlima mtakatifu wa Kailash. Kichwa bado kinagonga, lakini leo kinagonga taratibu, nami naweza kushika kalamu.

Juzi alfajiri, kule Dirapuk, tulikolala usiku wa kwanza wa kuuzunguka mlima, kiongozi wa msafara alinibana kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni. Kikasoma asilimia 66. Akakitoa, akanisugua kidole kukipasha moto, akakirudisha. 64. Hakusema neno. Alimtazama mdogo wangu, kisha akainamisha macho. Nikajua Dolma La, njia ya juu kabisa katika mzunguko ule, sitaiona.

Duka la baba lilikuwa Barabara ya Kumi, Tanga. Nyuma ya kaunta, juu ya magunia ya mchele, ilining'inia kalenda ambayo hakuna aliyethubutu kuiondoa hata miaka ilipoipita: Bwana Shiva, mungu wetu Wahindu, ameketi, na nyuma yake mlima mweupe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, baba aliwasha udi, akauzungusha mbele ya picha ile na kusema, "Kailash. Tutakwenda." Alifariki mwaka 2021, njia ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona. Majivu yake tuliyapeleka baharini palepale Tanga. Siku ile mimi na mdogo wangu tuliahidiana.

Nilipoaga mtaani, jirani yetu mmoja, bibi aliyehiji Makka miaka mingi iliyopita, aliniuliza kama tutapanda mpaka kileleni. Ni swali la haki. Kwetu mlima ni Kilimanjaro, na Kilimanjaro hupandwa. Nikamweleza kwamba Kailash una mita 6,638 tu, mfupi kuliko milima mingi ya Himalaya, lakini haijulikani kama kuna mtu aliyewahi kukanyaga kilele chake, maana ndipo anapokaa Shiva na mkewe Parvati. Sisi huuzunguka kwa miguu, kilomita 52, kwa siku tatu. Akanishika mkono. "Kumbe mnatufu, mwanangu." Ndiyo, bibi. Tunatufu.

Tulipitia Kathmandu, tukavuka mpaka wa Nepal na Tibet kule Rasuwagadhi, tukapanda na gari kupitia Kyirong na Saga. Ratiba ilitupandisha haraka mno. Ukizaliwa pwani, damu yako imezoea hewa nzito ya bahari. Familia yoyote ya kwetu inayofikiria safari hii, nawasihi sana: dai siku mbili zaidi za kupumzika huko chini, hata kama wenzako wa msafara watanung'unika.

Halafu ziwa takatifu la Manasarovar. Liko karibu mita 4,590 juu ya usawa wa bahari. Nilidhani nitalia, kumbe nilinyamaza tu. Maji yake ni buluu ambayo sijawahi kuiona hata Pemba, na ni maji baridi yasiyo na chumvi. Kando yake, ng'ambo ya ukanda mwembamba wa nchi kavu, kuna Rakshastal, ziwa la chumvi linalohusishwa na Ravana, mfalme wa mashetani katika Ramayana, na mahujaji hawaogi humo. Tulichota maji kwa ndoo, mdogo wangu akanimwagia kichwani kwa kikombe cha bati. Baridi ile haina jina kwa Kiswahili. Pumzi ilinikata, nikalitaja jina la baba mara tatu.

Baba alipenda kutusimulia kwamba sehemu ya majivu ya Gandhi ililetwa ziwani humu mwaka 1948. Sisi hatukuwa na majivu. Tulikuwa na chupa ndogo ya maji ya bahari ya Tanga, iliyofungwa kwa plasta isivuje. Tulimimina kifuniko kimoja tu ukingoni, kwenye kokoto. Mawimbi madogo yakaja yakayachukua.

Siku ya kwanza ya parikrama, yaani kule kuuzunguka mlima, niliimaliza kwa miguu yangu. Njiani tulipitana na Watibet wa Kibudha wanaosujudu njia nzima: mtu analala kifudifudi, anainuka, anasogea mpaka mikono yake ilipogusa, analala tena. Wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, wao huzunguka kinyume na sisi, kwa hiyo mnakutana uso kwa uso, mnatabasamiana, kila mmoja anashika njia yake. Hata Wajaini wanauheshimu, kwa ajili ya Rishabhadeva, mwalimu wao wa kwanza. Jioni, Dirapuk, wingu likafunguka na uso wa kaskazini ukasimama mbele yetu, mweusi wenye mistari ya theluji. Nilikaa nje mpaka vidole vikafa ganzi.

Asubuhi yake ndiyo ile ya 64. Mdogo wangu akasema atarudi nami. Nikamkatalia. Dolma La iko mita 5,630, na chini yake kuna Gauri Kund, kidimbwi cha Parvati. Nikampa ile chupa, ikiwa na maji kidogo yaliyobaki. "Nenda, ukapite na baba." Mimi nikashushwa kwa farasi, nikilia kwa uchungu na aibu, nisikufiche msomaji. Msichana wa Kitibet aliyekuwa akimwongoza farasi hakunibembeleza, ila kila baada ya muda alinigusa goti kuhakikisha niko macho.

Jana saa tano mdogo wangu alirudi. Nilimwona kwa mbali akivuta mguu wa kulia, midomo imepasuka, chupa tupu mkononi. Nyumbani kwetu yeye ndiye hunigusa miguu, maana mimi ndiye mkubwa. Jana niliinama mimi, nikagusa vile viatu vyenye vumbi la parikrama, nikapaka vumbi lile pajini mwa uso.

"Dada, acha," alisema, akinishika mabega. "Acha, dada."

Sikuacha.