Nilivyojifunza kumtangazia mzee asiyeona besiboli ya vyuo mpaka fainali ya 2025

Mi niko Omaha, Nebraska, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya mchana mpaka usiku. Mwaka jana 2025 nikapangiwa mzee mmoja ambaye macho yake yamekufa katikati, anaona pembeni tu, ukikaa mbele yake wewe ni ukungu. Na huyo mzee ni mtu wa besiboli, tena sio ile ya mamilioni, ni ya vyuo, Nebraska damu damu. TV anayo chumbani, shida watangazaji wa TV hawasemi kinachotokea maana wanajua unaona mwenyewe, wao wanapiga stori za mama wa mchezaji na watu waliokaa jukwaani, sasa asiyeona anabaki kusikia makofi tu hajui ya nini. Akaniambia binti, vuta kiti hapa uniambie kinachoendelea.

Nimwambie nini sasa? Mi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mpira wa miguu, kuhusu besiboli nilikuwa najua kuna jamaa ameshika gongo basi.

Kilichonisaidia kwanza ni namba. Mzee ana madaftari ya zamani ambayo alikuwa anaandika mechi nzima kwa namba na herufi, akanifundisha. Kila anayekaa uwanjani ana namba ya nafasi yake, hii haihusiani na namba ya jezi, mrushaji ni 1, mdakaji nyuma ya mpigaji ni 2, anayelinda besi ya kwanza (besi ni zile alama za chini ambazo mpigaji anazikimbilia) ni 3, ya pili 4, ya tatu 5, yule anayecheza kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6, halafu watatu wa nyuma kabisa kuanzia kushoto 7, 8, 9. Mpira ukipigwa chini ukaokotwa na 6, akamrushia 4, naye akamrushia 3, wapinzani wawili wakawa auti, yaani wametolewa, kwa mpigo mmoja, wewe unasema 6-4-3 na mzee anaona picha nzima kichwani kwake. Mpigaji akishindwa mara tatu unaandika K, na ile ya tatu akiwa hata gongo hajalitikisa unaandika K iliyogeuzwa. Nilipoacha kuhangaika na maneno mengi nikawa natamka namba tu, mambo yakawa marahisi kuliko nilivyotegemea, na mzee akaacha kuniuliza uliza.

Msimu unaanza katikati ya Februari wakati huku Omaha bado ni barafu tupu, kwa hiyo timu za kaskazini kama Nebraska wiki za kwanza zinasafiri kwenda kusini kwenye joto, na ndio sababu moja timu za kusini zinatamba sana, wao wako kwao wanacheza wamevaa mikono mifupi. Ratiba ya kawaida ni mechi kama 56, na mfumo wake ni wa wikiendi, Ijumaa Jumamosi Jumapili mnacheza na timu ile ile mara tatu, katikati ya wiki mnapachika moja na jirani.

Sasa hapa ndio pana siri yote, na mzee alinikomalia mpaka nikaelewa. Mrushaji mkono wake unachoka, akianza mechi leo akarusha mipira mia hivi inabidi apumzike karibu wiki. Kwa hiyo kila chuo kina mrushaji wa Ijumaa, huyo ndio bora kuliko wote, wa Jumamosi anafuata, wa Jumapili mara nyingi ni mashaka, na Jumanne wanapewa madogo wa mwaka wa kwanza wajifunze. Mzee alikuwa haniulizi nani kashinda, anauliza karusha nani na kesho nani amebaki. Mwanzoni nilidhani ni uzee, kumbe ukijua hiyo hesabu unaweza kuisoma mechi ya kesho kabla haijachezwa.

Mwezi wa tano Nebraska wakachukua kombe la Big Ten, ndio ligi ya vyuo waliyomo, tena hapa hapa Omaha, wakawafunga UCLA, chuo cha Los Angeles, 5-0. Mzee siku hiyo alikula chakula chote bila kubembelezwa. Timu 64 ndio zinaingia mashindano ya taifa, zinagawanywa kwenye vituo 16, kila kituo timu nne, na unatolewa ukipoteza mara mbili, sio mara moja. Inaonekana ni huruma lakini ni mtego, ukipoteza mapema unalazimika kucheza mechi nyingi kwa siku chache na warushaji wako wanaisha. Nebraska wakapelekwa kituo cha Chapel Hill, North Carolina, wakapoteza kwa Oklahoma mechi ya kwanza, wakafufuka kidogo, wakakutana na Oklahoma tena, kwaheri.

Nikajua ndio basi, ila mzee akasema sasa ndio inanoga, chagua timu. Mwaka huo vigogo walianguka vibaya, Vanderbilt walipangwa namba moja nchi nzima na hawakutoka kwenye kituo chao wenyewe, Texas namba mbili wakatolewa na UTSA, chuo cha San Antonio. LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, nao nusura, Little Rock ambao msimu mzima walikuwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda waliwapiga 10-4 nyumbani kwao Baton Rouge ikabidi waamuane kesho yake, LSU wakapona 10-6. Mzee akachukua Murray State, chuo kidogo cha Kentucky ambacho hakijawahi kufika Omaha hata siku moja na kituoni kiliwekwa wa nne kati ya wanne. Mi nikachukua Coastal Carolina, chuo cha South Carolina. Msiniulize sababu, mtu wa Tanga utaiachaje Coastal? Nilipomwambia mzee kwamba kwetu tunayo Coastal Union akauliza kama nao wana mrushaji wa Ijumaa.

Washindi wa vituo 16 wanakutanishwa wawili wawili, wanabaki wanane, na wote wanaletwa hapa Omaha, fainali hizi ziko mji huu tangu 1950. Mji unabadilika kabisa, mahoteli yanajaa, barabara za karibu na uwanja wa Charles Schwab hazipitiki, kazini tunachelewa na bosi anaelewa maana naye ana tiketi. Mi uwanjani sikuwahi kukanyaga, zamu zangu zote nilikuwa chumbani kwa mzee na daftari.

Murray State wakafungwa na UCLA 6-4, halafu ikaja ile ya tarehe 16 Juni na Arkansas. Naingia zamu mechi iko katikati, mzee ananyoosha kidole kwamba nisiseme kitu, nisome tu kila mrusho. Arkansas walikuwa wamempanga mrushaji Gage Wood na timu ya mzee ilikuwa haijapata hata hit moja, yaani hakuna aliyepiga mpira ukamfikisha kwenye besi. Kuna mwiko kwamba ikifika hivyo huitaji kabisa, ukiitaja unaiharibu. Basi mi naandika K, K, K, K, nusu ya daftari imekuwa herufi moja. Mpaka ngwe ya nane kati ya tisa hakuna hata mmoja aliyegusa besi, halafu Wood akamgonga mpigaji mmoja kwa mpira, ikaharibika ule ukamilifu lakini hit bado hakuna. Ikaisha 3-0, K kumi na tisa, ya kwanza ya aina hiyo kwenye mashindano haya ya Omaha tangu 1960. Timu ya mzee ndio imetolewa na yeye analia kwa furaha, anapiga mkono wa kiti, eti ameishi kusikia hiyo. Nikamwuliza umesahau ulikuwa Murray State? Akasema hao watarudi, hii hairudi.

LSU na Arkansas siku mbili baadaye nilikaribia kupoteza sauti. Arkansas wanaongoza 5-3 wanaingia ngwe ya mwisho, LSU wanasawazisha, halafu Jared Jones anapiga mpira unagonga glavu ya mtu wa besi ya pili unapita, 6-5 imeisha. Nesi alikuja kuangalia kama kuna mgonjwa.

Fainali ikawa LSU na Coastal yangu, anayeshinda mbili kati ya tatu. Coastal walikuja wameshinda mechi 26 mfululizo, mi kifua mbele. Mzee akauliza swali lake lile lile, Anderson alirusha lini mara ya mwisho? Kade Anderson, mrushaji wa LSU, alirusha Jumamosi ya tarehe 14, na LSU walishinda mechi zao zote tatu bila kumhitaji tena, kwa hiyo Jumamosi ya 21 alikuwa na wiki nzima ya mapumziko. Mzee akasema pole binti. Na kweli, alirusha mechi nzima peke yake, mipira 130, Coastal wakapata hit tatu na pointi sifuri, LSU pointi yao moja waliipata mwanzo kabisa ikatosha, 1-0.

Jumapili sikutaka hata kuongea. Ngwe ya kwanza tu haijaisha kocha wetu Kevin Schnall akatolewa nje kwa kubishana na waamuzi, jamani fainali, ngwe ya kwanza! Mi mpaka leo naona mwamuzi alikuwa na haraka, mzee anasema kocha mzima anajua mpaka uko wapi. LSU 5-3, ubingwa wao wa nane.

Tuliendelea kubishana wiki nzima, ila sio kuhusu kocha, ni kuhusu ile mipira 130. Mi nilisema kumrushisha kijana hivyo ni kumuua mkono, mbona mwenyewe ulinifundisha kuhesabu, yeye anasema fainali ni fainali na wiki alipumzika. Julai, timu za kulipwa zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, Seattle Mariners wakamchagua Anderson wa tatu nchi nzima. Nikamsomea mzee ile habari, akacheka akasema unaona mkono wake uko salama, nikamwambia kuchaguliwa sio kupimwa bega, tusubiri arushe. Hapo ndio tulipo.