Sekunde 90 za Kanula: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 2:00 asubuhi. Ukutani mwa chumba changu cha kazi zimebandikwa karatasi 24 za storibodi, yaani michoro ya kupangia filamu, na zote zinasimulia tukio moja tu: mtoto anawekewa kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, mkononi. Filamu itakuwa ya katuni, ya sekunde 90, ya kumwandaa mtoto kabla hajawekewa kanula. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, huku kila mchoro ukishika fremu 2, hiyo ni michoro 1,080, na ndiyo maana siku ya leo ni ya kupanga wala si ya kuchora. Kosa lililo kwenye karatasi hufutwa kwa raba. Lililokwisha kuchorwa hufuta kazi ya wiki nzima.

Saa 3:00 napigiwa simu na nesi wa wodi ya watoto anayetushauri. Huniita Mwalimu, ingawa katika mazungumzo yetu mwanafunzi ni mimi. Kosa la kwanza ameshaliona: katika karatasi ya 9 nimeufunga mpira wa kubania mkono chini ya mahali sindano inapoingia, ilhali hufungwa juu yake, ili damu inayorudi kuelekea moyoni izuiwe na mshipa ujitokeze. Mtoto hatalitambua kosa hilo, lakini nesi atakayemwonyesha filamu atalitambua, na kuanzia hapo hataiamini.

Kisha tunaingia kwenye maneno, na hapo tunakaa karibu saa mbili. Rasimu yangu ilisema "utachomwa sindano", kama sote tusemavyo. Nesi akaniuliza mtoto wa miaka minne amelisikia wapi neno kuchomwa. Amelisikia kwenye moto, bila shaka. "Kupigwa sindano" nako kuna kupigwa ndani yake, na mtoto mdogo huwa mwepesi kudhani kwamba ugonjwa na matibabu ni adhabu ya kosa alilolitenda. Nikapendekeza "utahisi kama umefinywa", nikijiona mwerevu, akanikumbusha kwamba kufinywa pia ni adhabu katika nyumba nyingi. Hatimaye tulikubaliana hivi: "Sindano itaingia chini ya ngozi. Wapo wanaohisi maumivu kidogo, wapo wanaohisi kubanwa tu. Wewe utatuambia umehisi nini." Sentensi hiyo haiahidi kwamba hakutauma, kwa kuwa mtoto aliyedanganywa kuhusu sindano ya kwanza hataisadiki filamu wala nesi kwa sindano ya pili.

Saa 5:30 mwenzangu anayebuni wahusika analeta mchoro wa shujaa mwenye joho, ambaye hacheki wala halii. Ni mchoro mzuri kweli, nami nimeukataa. Mtoto atakayelia baada ya kumtazama shujaa asiyelia atajiona ameshindwa. Mhusika wetu atalia kama akitaka, atapiga kelele kama akitaka, atachagua kutazama au kugeuza uso. Kazi yake ni moja tu, kuutuliza mkono usitikisike. Suala la kuwekewa au kutowekewa kanula hatumpi alichague, maana kumuuliza mtoto "tuendelee?" na kisha kuendelea baada ya kukataa ni hila. Mwenzangu alinuna kidogo, kisha akalivua lile joho.

Chakula cha mchana kilipita upesi.

Saa 8:00 tuko kwenye chumba cha michezo cha wodi, kwa ruhusa ya wazazi, tukiwaonyesha watoto watatu rasimu ya michoro tupu iliyopangwa juu ya sauti. Nimeyaweka macho ya kamera pale yalipo macho ya mtoto aliyelala: dari, taa, na videvu vya watu wazima. Wanacheka videvu. Wanatulia krimu ya ganzi inapopakwa, na hiyo ndiyo nafasi tuliyoikusudia filamu, kwa kuwa krimu huhitaji takriban saa nzima kufanya kazi na mtoto anaweza kuitazama mara nyingi anavyotaka akisubiri. Sindano inaingia, tone la damu linaonekana nyuma ya kanula, plasta inabandikwa, muziki unapanda. Mtoto wa miaka sita anauliza: "Na sindano inakaa humo ndani mpaka lini?"

Hakuna mtu mzima aliyejibu mara moja. Sote tunajua kwamba sindano huondolewa na kinachobaki mshipani ni mrija laini wa plastiki, na kwa sababu tunajua, hakuna aliyekumbuka kulionyesha jambo hilo. Mtoto anayeamini kwamba ana chuma ndani ya mkono atakaa ameukaza siku nzima, asicheze, asijigeuze kitandani, akingoja uchungu urudi.

Saa 10:00 narudi ukutani. Nahitaji sekunde 6, yaani michoro 72: sindano ikitoka, ikitumbukizwa katika kisanduku chake, kifuniko kikifungwa, na mrija ukijipinda pamoja na mkono. Bajeti haina nafasi, kwa hiyo lazima kitu kiondoke. Nimeondoa wimbo wa utangulizi wa sekunde 8, ambao niliutunga mwenyewe na kuupenda kuliko ulivyostahili.

Saa 11:30 jioni nasoma kwa sauti maneno mapya ya msimulizi: "Sindano imetoka. Kilichobaki ni mrija laini." Nayasoma mara tatu, na kila mara nakimbilia sentensi ya pili kabla ya ile ya kwanza haijatulia. Katika zile sekunde 2 zilizobaki kutoka kwenye wimbo, nimechukua moja na kuiweka kati ya sentensi hizo. Itakuwa michoro 12 ambayo ndani yake hakuna anayesema lolote, na mhusika anautazama mkono wake tu.