Chura wangu kagoma kula

Wiki nzima chura kagoma kula jamani. Nilimtoa mferejini huku Uyole nikamweka kwenye ndoo pana, udongo mbichi na kisahani cha maji (ya bomba nayalaza kwanza usiku mmoja, dawa ipungue). Dogo akawa anamrushia wali, dagaa, wapi, chura hana habari, kumbe hawa wanakula kinachotembea, kitu kikitulia mbele yake anakiona kama jiwe tu. Halafu Julai ya Mbeya si mnaijua, na joto la mwili wa chura linafuata hali ya hewa, akipoa na tumbo nalo linapoa, njaa inatoka wapi? Na sisi tulivyokuwa tunamshikashika kila saa, mh. Basi nikaisogeza ndoo kwenye ukuta wa jikoni penye kajoto, nikaifunika kitambaa siku mbili asisumbuliwe.

Jana usiku nikachimba nyungunyungu chini ya mgomba, nikamning'iniza kwa kibano, akajinyonganyonga weee, chura kageuka taratibu... pwaa! Kilichonichekesha macho, akimeza yanazama ndani kabisa, maana ndiyo yanayosaidia kusukuma chakula kooni. Leo nimemletea nyenje wawili, mmoja katoroka, yuko nyuma ya kabati anapiga kelele mpaka sasa hivi.