Maharagwe ya Nazi Yaliyokataa Kuiva Nairobi

Nilihamia Nairobi kutoka Mombasa mwaka 2016, na kwa kuwa mke wangu hufanya kazi ya zamu ambayo mara nyingi humrudisha nyumbani baada ya saa tatu usiku, chakula cha jioni kikawa jukumu langu tangu wiki ya kwanza. Jambo hilo halikunitisha. Nimelelewa na mama aliyewafundisha watoto wake wote kupika, wa kike kwa wa kiume, na maharagwe ya nazi nilikuwa nayapika kabla sijaanza kunyoa ndevu. Basi siku moja niliyaroweka asubuhi, nikayabandika jikoni saa kumi na mbili na nusu jioni, nikitarajia tule saa mbili kama ilivyokuwa ada yetu kule Kisauni, Mombasa. Ilipofika saa nne kasorobo watoto walikuwa wamekwisha kulala kwa chai na mkate, na maharagwe yangali yakigongana ndani ya sufuria kama kokoto.

Niliopoa punje moja nikaibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda lilichubuka upesi, lakini ndani mlikuwa na kiini cheupe, kikavu kama chaki, ambacho hakikukubali kusagika. Nilipompigia mama simu aliniuliza, "Mwanangu, kwani huko moto hauna nguvu?" Alikuwa akinitania, ila alikuwa ameugusa ukweli bila kujua. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito wake juu ya maji, hata maji yakachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwa kila mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa huchemka kwa takriban nyuzi 94, na ukiongeza gesi hadi mwisho hutapata zaidi ya mvuke mwingi na sufuria iliyokauka. Nyuzi sita zaonekana kuwa kitu kidogo, lakini kwa punje ngumu kama za maharagwe ni tofauti ya saa nzima au zaidi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Limuru ambako ni juu zaidi kuliko hapa, hakuona ajabu yoyote. "Kaka, weka magadi," aliniambia, akanipa kipande kilichofungwa kwa karatasi. Magadi kweli hulainisha maharagwe haraka, kwa sababu huyeyusha ule utomvu unaoshikanisha chembechembe za ganda na kiini, na wapishi wengi wa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hawaanzi bila hayo. Hata hivyo hupunguza vitamini za kundi B, na yakizidi kidogo tu huacha ladha ya sabuni. Katika githeri ladha hiyo yaweza kufichika. Katika tui la nazi haifichiki hata kidogo, na huo ndio msimamo wangu ambao jirani hajaukubali mpaka leo.

Nilijaribu jiko la makaa nikidhani nitaokoa gesi, kwa kuwa mtungi wetu ni ule mdogo wa kilo 6 ambao ulikuwa na tabia ya kuisha katikati ya mapishi. Mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ilipanda hadi hesabu yangu ikaharibika. Isitoshe, kuwasha makaa ndani ya nyumba ya ghorofa yenye dirisha moja la jikoni ni kujitafutia balaa. Kwa muda tukawa tunanunua maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama mboga wa chini ya jengo, ambaye huyapima kwa kikombe, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017 ni lazima mtu ashuke na bakuli lake. Ni mazuri, lakini huwa yamekwisha kutiwa chumvi na magadi, na saa moja jioni unaweza kukuta yamekwisha. Sufuria ya presha, ambayo huupandisha moto wa maji kupita nyuzi 100 kwa kuuzuia mvuke, ndiyo dawa ambayo kila mtu alinitajia. Wakati huo bei yake ilikuwa karibu nusu ya kodi yetu.

Kilichonisaidia nilikiona kwa akina mama wa kikundi cha akiba cha mtaa wetu: kapu la kupikia bila moto. Chakula huchemshwa jikoni kwa muda mfupi, kisha sufuria huwekwa ndani ya kapu lililojazwa kitu kinachozuia joto lisitoroke, nacho kikaendelea kuiva chenyewe. Mimi nilikuwa na kapu kubwa la ukili nililokuja nalo kutoka Pwani. Fundi cherehani wa mtaani alinipa gunia la vipande vya nguo bure, akashonea bitana ndani ya kapu na kunitengenezea mto mnene wa kufunika juu. Gharama kubwa ilikuwa ushonaji.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilichemsha kikombe kimoja cha maharagwe mekundu kwa dakika kumi tu, katika sufuria iliyojaa robo, nikaenda kazini. Niliporudi, maji yalikuwa vuguvugu na maharagwe yalikuwa mabichi, na kwa ujinga wangu nikayachemsha kidogo, tukala hivyo hivyo. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri kwa kichefuchefu na tumbo. Baadaye nilifahamu kwamba maharagwe mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa kwa nguvu, na joto la chini haliiondoi hata likidumu mchana kutwa. Nilikuwa nimelitwika kapu kazi ya moto.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu, na sijaubadilisha. Usiku naroweka maharagwe, na alfajiri nayamwaga maji yale na kutia mapya. Nayachemsha yakitokota kwa nguvu kwa nusu saa kamili, wakati huohuo nikiwaandaa watoto kwenda shule, kwa hiyo muda huo siuhesabu kuwa umepotea. Sufuria lazima ijae, kwa kuwa ni wingi wa maji unaotunza joto, na kifuniko kikishawekwa hakifunuliwi: nasokomeza sufuria ndani ya kapu, nafunika mto, nafunga kamba. Nikirudi jioni, baada ya foleni ya Jogoo Road kunifanya niwachukie binadamu wenzangu wote, maharagwe huwa yamelainika kiasi cha kusagika yakibonyezwa. Nayarudisha jikoni yachemke tena sawasawa kwa dakika ishirini, maana chakula kilichopoa mchana kutwa hakifai kuliwa bila kuchemshwa upya.

Kilichobaki ndicho ninachokipenda. Nakaanga kitunguu na bizari ya manjano, natia nyanya wakati huu tu, maharagwe yakiwa yamekwisha kulainika, maana uchachu wa nyanya ukiingia mapema huyafanya yasilainike. Kisha naongeza maharagwe na tui jepesi yatokote pamoja. Nazi nanunua sokoni Marigiti mbilimbili na kuikuna kwa mbuzi nyumbani, jambo linalowashangaza wageni, lakini tui la kopo lina utamu ambao si wake. Tui zito huingia moto ukiwa mdogo kabisa, nalo hukorogwa polepole upande mmoja, kwa kuwa likichemka kwa fujo hukatika na mafuta yakaelea juu. Watoto, ambao sasa ni Wanairobi kwa kila hali, huyala kwa chapati na kuyaita madondo, jina la maharagwe katika Sheng.

Gesi ya kilo 6 sasa hutufikisha mwisho wa mwezi, na mara nyingi tunakula kabla ya saa mbili. Njahi, zile punje nyeusi za jamii ya maharagwe, peke yake ndizo zilizonishinda. Hata zikirowekwa usiku mzima na kulala kapuni mchana kutwa, hutoka na ugumu wake, hivyo siku ya njahi bado nashuka ngazi na bakuli langu kwa mama mboga.