Kidonda cha tohara: maji, sabuni, na kuacha kukichokonoa

Baridi ikishika Iringa, Njombe na Mbeya, foleni za tohara ya kitabibu hurefuka, kwa kuwa wengi wanaamini kidonda hupona upesi msimu huo. Faida kubwa ya baridi ni jasho kupungua. Kidonda kinategemea zaidi namna kinavyotunzwa wiki ya kwanza, na mara nyingi kinachokiharibu ni vile vitu watu wanavyokipaka wakiwa nyumbani.

Tuanze na saa za mwanzo. Ganzi huisha baada ya saa chache, kwa hiyo usisubiri maumivu yaanze ndipo utafute dawa. Mtu mzima anameza parasetamo 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi vidonge 8 kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, kwa hiyo fuata kipimo mlichopewa zahanati. Usitumie aspirini, inazuia damu kuganda.

Bandeji hukaa saa 24 hadi 48, kavu. Siku hizo usioge kwa kujimwagia. Jifute mwili kwa kitambaa. Vaa chupi safi inayoshika, uume ukielekezwa juu kuelekea kitovuni. Ukining'inia, maji ya mwilini hushukia chini na uvimbe hukua, hasa upande wa chini penye kile kikano chembamba. Juu ya chupi vaa kikoi, msuli au suruali pana. Kichwa cha uume kikigeuka buluu au cheusi, au mkojo ukikataa kutoka, huenda bandeji imebana mno. Rudi hapo hapo, hata kama ni usiku.

Siku ya kuifungua ndipo wengi hujiumiza. Gozi, kile kitambaa chepesi cha bandeji, huwa imegandana na damu, na ukiivuta kavu inang'oa ngozi changa pamoja na nyuzi za mshono. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, iachie yenyewe. Ni vizuri zaidi kazi hiyo ifanyike zahanati, maana ndiyo ziara ya kwanza ya kukaguliwa, saa 48 baada ya upasuaji. Ya pili ni siku ya 7.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, na huenda ndiyo maana watu hawaiamini. Nawa mikono kwanza. Osha kidonda asubuhi na jioni kwa maji safi na sabuni ya kuogea isiyo kali (ya mtoto inatosha). Kama maji yenu si ya kuaminika, yachemshe yapoe. Povu lipite juu ya kidonda, usisugue, kisha suuza mpaka utelezi wote uishe. Kausha kwa kubonyeza taratibu na kitambaa safi kilichopigwa pasi, au gozi. Pamba usitumie, nyuzinyuzi zake hunasa kwenye mshono. Badilisha chupi kila siku.

Sasa hivyo vya kupaka. Spiriti na Dettol huunguza chembe mpya zinazojaribu kuziba kidonda. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe vinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Na kuna huu mtindo wa kupasua kapsuli ya antibiotiki na kunyunyiza unga wake: unga hugeuka gamba gumu, unyevu unabaki chini yake, na humo usaha hujificha. Kama antibiotiki inahitajika, inamezwa kwa maelekezo ya mtaalamu.

Kuhusu pepopunda, wanawake wengi huchanjwa kliniki wakiwa wajawazito, lakini mwanamume mzima anaweza kuwa hajachanjwa tena tangu utotoni. Uliza kuhusu chanjo hiyo kabla ya siku ya tohara. Taya zikikaza au shingo ikikakamaa ndani ya wiki 3, hiyo ni dharura.

Utando wa manjano kwenye kichwa cha uume au kwenye mshono mara nyingi si usaha, ni kidonda kinajiziba. Usiubandue. Usaha hunuka, huchuruzika, na ngozi ya jirani huwa nyekundu na ya moto. Ukiona hivyo, au ukapata homa, au uvimbe unaozidi kila siku badala ya kupungua, nenda ukaonekane. Damu ikitoka, bana kwa gozi safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia. Ikiendelea kulowesha, endelea kubana huku unakwenda kituoni.

Uume kusimama usingizini hauzuiliki, lakini unaweza kupungua makali. Kojoa kabla ya kulala, lala ubavu magoti yakiwa yamekunjwa, na ukishtuka inuka utembee kidogo. Uzi mmoja ukikatika pakaachia kidogo bila damu, kwa kawaida pataziba penyewe. Onyesha tu siku ya ukaguzi. Nyuzi zenyewe huyeyuka na kudondoka ndani ya wiki 2 hadi 3, usizikate kwa wembe.

Baiskeli, bodaboda, mpira na mizigo mizito visubiri. Ngono na kujichua visubiri wiki 6 kamili, hata kama juu panaonekana pamefunga. Tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini kidonda kibichi kinafungua njia kwa virusi hivyo hivyo, kwako na kwa mwenzi wako. Baada ya wiki 6 kondomu bado inahitajika. Ukigusa mshono wakati huo utasikia ukingo mgumu kidogo; hulainika taratibu kwa miezi kadhaa.