Gari la Nne Ndilo Nililonunua

Mama yangu husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mimi ndiye dereva wake. Gari likigoma asubuhi ya siku hiyo, zamu yake kwenye mashine inampita, na mwili wake haujui kusubiri. Kwa hiyo nilipotafuta kwa mara ya pili sedani iliyotumika, uzuri wa gari niliuweka kando. Nilitaka litakalowaka.

Lile nililolinunua mara ya kwanza lilikuwa linang'aa. Nilipofika kulitazama nilikuta injini inanguruma tayari. Muuzaji akasema amelisogeza kidogo nilione vizuri, nami sikutilia shaka. Mwezi wa tatu maji ya rejeta yakaanza kupungua bila kuvuja popote. Mwezi wa nne nikafungua kifuniko cha oili, nikakuta kitu kama uji wa maziwa. Silinda gasketi, ile pakingi inayozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini. Fundi aliyelifungua alinieleza kwamba injini iliwahi kuchemka kabla sijaijua, na kwamba yenye ugonjwa huo hujisema yenyewe ikiwashwa baridi: hutikisika, hutoa moshi mweupe wenye harufu ya utamu, kisha ikishika joto hutulia. Mimi nilikuwa nimekaribishwa baada ya kutulia.

Basi safari hii sharti langu nililitoa kwenye simu, kabla hata ya kuuliza bei: nikifika naweka kiganja juu ya boneti, na nikikuta joto naondoka. Wawili wakaahirisha mpaka wakaacha kupokea simu zangu. Nikawashukuru kimoyomoyo.

Gari la kwanza kati ya niliyoyaona safari hii lilisomeka kilomita 78,000, na lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Inawezekana. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia, na usukani umekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Miguu na mikono haiwezi kufanya hivyo kwa kilomita 78,000. Sikukaa hata robo saa.

La pili lilinivutia kweli. Nilikuwa nimejifunza kutazama vioo, kwa kuwa kila kioo kina alama ndogo pembeni inayoonyesha kilitengenezwa lini, na vioo vya gari moja kwa kawaida havipishani sana. Kimoja cha mlango wa nyuma kilikuwa kipya kwa miaka mitano kuliko wenzake. Fundi wangu akapitisha kipima unene wa rangi: sehemu nyingi zilisoma kama mikroni 120, lakini ubavu ule ulipita 600. Chini yake ni puti, ile ya kuziba mabonde ya bati. Tulipoinua tairi la akiba kwenye buti tukaona bati limejikunja na kunyooshwa. Kugongwa peke yake hakunitishi, maana mlango hubadilishwa na maisha yakaendelea. Sakafu iliyopinda ni jambo jingine.

Gari la tatu ndilo lililokaribia kunipata. Liliwaka baridi bila kosa, gia zikabadilika vizuri, na kompyuta ya fundi haikuonyesha hitilafu yoyote. Nikawa nimeshaanza kutoa pesa kichwani. Fundi akanigusa bega: kompyuta ya gari hujipima yenyewe mifumo kadhaa inapoendeshwa, na hapa karibu vipimo vyote vilikuwa havijakamilika. Maana yake kumbukumbu imefutwa karibuni, ama betri imechomolewa.

"Betri ilikufa jana, kaka," muuzaji akasema.

Huenda ni kweli, betri hufa. Nikamwomba aliendeshe siku chache kama kawaida yake, nirudi tupime tena. Akakataa, na kukataa kule kukanitosha.

La nne lilikuwa Toyota Corolla yenye michubuko kila pembe, ya mwalimu mstaafu. Nilikuwa nalitaka jina hilo kwa sababu isiyo na mahaba: limeuzwa tangu 1966, na vipuri vyake si vya kusaka. Injini yake hutumia mnyororo wa taimingi, unaoendesha vali za injini, badala ya mkanda wa taimingi, ule ambao kwenye magari mengi hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi.

"Sijaliwasha tangu jana mchana, mwanangu," akaniambia, na boneti ilikuwa baridi kweli.

Liliwaka mara moja. Mafuta ya gia yalikuwa mekundu, bila harufu ya kuungua. Tulikata kona usukani ukiwa umefika mwisho, kulia na kushoto, tukisikiliza kama kuna mlio wa kat-kat magurudumuni, kimya. Kisha akaleta bahasha ya risiti, oili kila baada ya miezi michache, mwaka baada ya mwaka. Kasoro aliitaja yeye kabla yetu: bushi za mbele, ile mipira ya kwenye miguu ya gari, zimekwisha. Tairi nazo nilizisoma ubavuni, tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka, nikaona zina miaka minane. Tukazitoa gharama hizo kwenye bei.

Wiki ileile nilibadilisha bushi, tairi, oili zote na maji ya rejeta. Sasa ni mwezi wa kumi na nne. Kila Jumapili, injini ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha oili na kutazama upande wake wa chini. Mpaka jana palikuwa safi, na kesho saa kumi na moja alfajiri tunaondoka na mama.